Maji ya Kumwonyesha Mgeni

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili baadaye asije mtu akanilaumu. Muuza nyama akinipunguzia bei, ile nyama naigeuza juu chini na kuinusa. Jirani akinisalimu mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka kuazima nini. Kwa hiyo siku ile Profesa Ghizlan aliponiita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole usio wake kama bado ninayo madaftari yangu ya zamani ya kupimia visima, nilimjibu kwamba mengine yalikuwa nyumbani na mengine yaliliwa na panya. Uongo mtupu. Yote kumi na moja yalikuwa garini, chini ya kiti cha dereva, yamefungwa kwa mpira.

"Yaliyobaki niletee," akasema. "Na usimwambie mtu."

Mtu akikuambia usimwambie mtu, hapo ndipo masikio yanaposimama. Mezani kwake palikuwa na barua, na jicho langu lilikuwa limeshafika pale kabla mimi sijakaa. Nadhani aliliona, maana alinieleza mwenyewe. Mtafiti mmoja wa nchi za mbali alikuwa ameliandikia jarida lililochapisha makala yake. Alisema picha za setilaiti zinaonyesha maji ya chini ya bonde letu la Draa yanashuka kila mwaka, ilhali makala ya Profesa inasema yanapanda. Akauliza, kwa adabu zote, kama takwimu zile zilitoka visimani au zilitoka mezani.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Nasema niletee madaftari, Mbarek."

Nimemwendesha mama huyu miaka kumi na moja. Kwenye karatasi za chuo mimi ni dereva, lakini mkono ulioteremsha utepe visimani ni huu wangu. Utepe wenyewe umezungushwa kwenye gurudumu, mwisho wake una kichuma, na kichuma kikigusa maji gurudumu linalia. Likilia nasoma mita kwa sauti, Profesa anaandika kwenye daftari lake, nami naandika kwenye langu. Hakuniagiza niandike. Niliandika kwa sababu ile niliyokwisha kuitaja. Mwaka wa pili tuliwahi kutia vifaa vya kujipimia vyenyewe. Viwili vikaibwa na vilivyobaki vikaliwa na chumvi, tukarudi kwenye utepe.

Visima vilikuwa kumi na viwili, vyote Tinzakht, kijiji nilichozaliwa. Mimi ndiye niliyempeleka huko. Alikuwa anatafuta mahali ambapo wakulima wameanza kuvuta maji kwa sola na wanagawana zamu, nikamwambia kwetu wapo, na mama yangu atatulaza na kutulisha. Tukawa tunakwenda mara mbili kwa mwaka: Aprili, matikiti yakiwa shambani, na Oktoba, tende zikianza kuvunwa. Kila safari nilimpigia mama simu siku tano mbele. Kwetu mtu hamfikii mwenzake ghafla, hata awe mwanawe wa kuzaa. Kufika bila taarifa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba hujali kumkuta na sufuria tupu. Tukifika, mkate ulikuwa umetoka jikoni muda ule ule, kuku yuko mezani, chai ya mnanaa inatoa povu, na wakulima wametusubiri visimani kwa kanzu zilizopigwa pasi.

Katika hayo ndimo ilimotoka makala. Wataalamu waliipa jina la Mfano wa Tinzakht. Ilisema kwamba wakulima wakipewa umeme wa jua na wakiachiwa wapange zamu wenyewe, watapata chakula zaidi na bado maji yao yatapanda. Ya kwetu yalikuwa yamepanda mita moja na sentimita ishirini katika miaka minane. Baada ya hapo Profesa Ghizlan hakukaa. Mara yuko kwenye mkutano huu, mara kwenye ule, akapewa na tuzo ya kioo kizito ambacho mimi ndiye niliyekibeba kutoka uwanja wa ndege. Na kila asubuhi garini alikuwa anafungua simu kuona makala imenukuliwa na wenzake mara ngapi, kama mpishi anavyoinua kitambaa kuona kama unga umeumuka. Siku barua ile ilipofika ilikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na mbili. Nilijua kwa sababu alikuwa akinitajia.

Sasa niseme kwa nini nilimshuku. Mwezi wa Februari alifariki shangazi yangu, na kifo hakipigi simu siku tano mbele, kwa hiyo nilifika Tinzakht ghafla kwa mara ya kwanza katika miaka mingi. Nilipokwenda kuteka maji ya kutawadha kwenye kisima cha mama, ambacho kwenye orodha yetu ni namba saba, niliona kamba ya ndoo imeungwa vipande vitatu, kimoja cha plastiki ya buluu, kipya kabisa. Ndoo ilishuka, ikashuka, mpaka nikadhani imekatika. Mama aliniambia kamba ya zamani ilioza. Msiba ulikuwa umejaa watu, nikanyamaza. Lakini kamba ikioza mtu ananunua nyingine, haongezi urefu.

Kwa hiyo nilipoisikia habari ya setilaiti nilijiambia: Profesa amepika namba. Na hilo halikuwa jambo la wasomi peke yao. Ofisi ya maji ya mkoa ilikuwa imetangaza kwamba Jumatatu ijayo itatia saini vibali sitini vya visima vipya bondeni kwetu, kwa kuzingatia utafiti wa Tinzakht. Saba kati ya hivyo vilikuwa vya kijijini kwetu, juu kabisa ya shamba la mama yangu. Mama ana mitende arobaini na miwili aliyoachiwa na marehemu baba, na hana kingine. Kama maji kweli yanapanda, haya, wachimbe. Kama hayapandi, pampu sitini zingeyamaliza majira mawili ya joto, na mama angeishia kukaa kwenye kochi langu mjini akiangalia ukuta. Hiyo ilikuwa Jumanne. Zilibaki siku sita.

Nilikaa garini kwenye maegesho ya chuo, nikafungua madaftari yangu upande mmoja na makala yake upande mwingine, nikaanza kulinganisha. Nilikuwa na hamu ya kumkamata, sitaficha. Kisima namba moja, Aprili ya mwaka wa kwanza: sawasawa. Oktoba: sawasawa. Nikaenda hivyo hadi namba kumi na mbili, mwaka wa nane, kidole kikiwa chini ya kila tarakimu. Hapakuwa na sentimita moja iliyohama. Alichoandika ndicho nilichokisoma mimi kwa mdomo wangu mwenyewe, na maji yalikuwa yanapanda kweli, kidogo kidogo, safari hadi safari.

Nusu yangu ilifurahi, nusu ikaudhika. Basi kama mwizi si Profesa, mwizi ni nani? Hapo nikamkumbuka Ami Basu, mdogo wa baba yangu, mkulima mkubwa wa matikiti pale kijijini na wa kwanza kwenye orodha ya wanaotaka vibali. Ami Basu hajagombana na mtu bure maishani mwake. Daima kuna faida. Nikapiga hesabu yangu: yeye ndiye anayenufaika maji yakionekana mengi, na nilipokuwa namtajia mama siku ya kufika, kijiji kizima kilikuwa kinaijua. Nini kingemzuia kuleta lori la maji akajaza visima kabla hatujafika? Nililala nalo hilo lori kichwani. Alfajiri ya Jumatano niliomba ruhusa kazini kwa kusingizia jino, nikatia gurudumu la utepe kwenye buti, nikashika njia ya kwetu. Simu sikumpigia mtu.

Nilifika baada ya adhuhuri. Kitu cha kwanza kilichonipokea ni sauti ya maji. Kila hodhi nililolipita lilikuwa linamiminiwa, bomba nene kama mkono wangu, na sola zote zimelielekea jua. Hilo sikuwahi kuliona katika safari zetu. Profesa alikuwa ameagiza pampu zizimwe saa moja kabla ya kupima ili maji yatulie, kwa hiyo kimya cha visima nilikizoea na kukiona ni utiifu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia mlangoni aliliona gari, akarudisha kichwa ndani. Wanaume wawili wa dukani walikata maneno. Nikajua wananificha kitu.

Sikwenda kwa mama. Mtoto wa kwetu akifika huanzia kwa mamake, hata awe amekuja kukamata majambazi. Mimi nikaanzia shambani kwa Ami Basu, kisima namba nne. Nilizima pampu kwa mkono wangu, nikakaa saa nzima nikiangalia saa, kisha nikateremsha utepe. Mwezi uliopita tu, Aprili, kisima hiki kilisoma ishirini na mbili na nusu. Ishirini na mbili ikapita bila mlio. Ishirini na tano ikapita. Ishirini na nane. Kwenye thelathini na moja gurudumu likalia, sauti nyembamba, kama lenyewe lina haya. Nikaenda namba tisa. Pale utepe ulishuka mpaka ukalegea, nikaupandisha, kichuma kikaja na matope, na mlio sikuusikia kabisa.

Ami Basu alinikuta nakifuta kile kichuma kwa shati langu.

"Wewe Mbarek," akasema. "Siku hizi unaingia kwa watu kama afisa wa misitu?"

"Nimekuja kupima, ami."

"Profesa wako yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi unampimia nani?"

Nikamuuliza maji ya Aprili yamekwenda wapi, mita nane na nusu katika wiki tano, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nina hasira, nikamtolea na habari ya lori. Nilimwambia najua analeta maji usiku na kujaza visima ili apate kibali. Macho yalimtoka pima.

"Lori?" akasema. "Ningekuwa na lori la maji ningemwagilia matikiti, ningemwaga kisimani nimeingiwa na wazimu? Baba yako alikuwa na akili. Sijui wewe umemrithi nani." Akaokota jembe lake. "Nenda kwa mama yako. Yeye ndiye mkubwa wa jambo hili, na mimi naye hatusemezani."

Bi Itto, mama yangu, alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. Habari ilikuwa imemfika kabla yangu. Hakunikumbatia.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi kwa nini umenifanyia hivi?"

Alinipa mkate wa jana na mafuta ya zeituni kwenye kibakuli, na alipokuwa akiviweka mezani aligeuza uso kwa aibu mbele yangu, mimi mwanawe, niliyekula kwake miaka arobaini na mitatu. Nikamweleza nilichopima. Nikamuuliza Aprili mlifanya nini. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini huvaa nguo.

"Tulipumzisha visima," akasema. "Si ulinipigia?"

Akanieleza bila kuficha, tena kwa fahari. Mwaka wa kwanza nilipomwambia kwamba kuna bibi wa chuo kikuu atakuja kuchungulia kisima chake, alifunga pampu yake siku moja ili maji yapande. Mgeni aje akutane na kina cha matope? Ni kama kufagia uwanja. Majirani wakaona kisima cha Bi Itto kimesomeka vizuri kuliko vyao, hakuna aliyetaka kuachwa nyuma, na safari iliyofuata wakafunga wote. Kisha sola zikaongezeka, matikiti yakaongezeka, na siku moja ya kupumzisha ikawa haitoshi. Maji yalikuwa hayarudi haraka kama zamani. Wakaongeza ya pili. Baadaye ya tatu. Sasa ni nne kamili. Kila nilipopiga simu alijitanda shuka lake, akapita mlango hadi mlango: mgeni wetu anafika Jumatatu, pumzisheni visima. Hata Ami Basu, ambaye hajamsalimia mama miaka sita kwa ajili ya mpaka wa shamba, alikuwa anatii. Aprili hii matikiti yake yalinyauka siku nne juani na hakusema neno.

"Hakugoma hata mmoja," mama akasema. "Kijiji gani kingine kinaweza hivyo?"

"Profesa alisema saa moja tu, mama. Saa moja."

"Tukamzidishia."

Niliuweka chini ule mkate. Maana nilikwisha kuiona hesabu yote, na haikuhitaji msomi. Kadiri maji yalivyopungua, ndivyo watu walivyozidi kuona haya, na kadiri walivyoona haya ndivyo walivyozidisha siku za kufunga pampu, na sisi tukafika na utepe wetu tukaandika kwamba maji yanapanda. Miaka kumi na moja tulikuwa tunapima adabu ya Tinzakht kwa mita na sentimita. Hakuna aliyepika namba. Hakuna lori. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akiharibu kila kipimo siku tano kabla hakijapimwa, na mtu huyo nilimshuku wa mwisho, maana alikuwa mimi na simu yangu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nikuambie nini? Wewe ukimfagilia mgeni uwanja, unakwenda kumwambia nimekufagilia?"

Nikamweleza habari ya vibali. Hakuwa akijua kwamba ofisi ya maji inasoma makala ya Profesa. Alidhani wanakuja kupima wenyewe. Akawa anasugua unga uliokauka kwenye vidole. Kisha akaniuliza kama Basu anajua kwamba maji hayapo, nikasema kisima ni chake, hawezi kukosa kujua. Mama akatikisa kichwa, akasema Basu anajua, ila anaogopa kwamba asipochimba yeye atachimba mwingine.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa ofisini kwa Profesa Ghizlan, na madaftari yote kumi na moja mezani pake, hayana jino hata moja la panya. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio. Alisikiliza amesimama. Nilidhani atalia au atanifukuza. Kumbe naye ni mtu wa kushuku, sema kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumpa sababu.

"Nani amekutuma?" akasema.

"Hakuna aliyenituma."

"Yule wa barua alikupata lini? Alikupa nini?" Akayagusa madaftari kwa ncha ya kidole. "Jumanne yameliwa na panya, leo yako hapa, na pamoja nayo hadithi ya kunimaliza. Unajua makala hii imenukuliwa mara ngapi, Mbarek?"

"Najua, Profesa. Huwa unaniambia."

Aliketi. Alifungua daftari la mwisho, akalifunga. Akasema tutakwenda kesho, yeye mwenyewe atashika utepe, na simu yangu niikabidhi sasa hivi. Niliitoa mfukoni, akaitia kwenye mkoba wake na kuvuta zipu. Nilimwona sahihi kabisa. Hata mimi ningeichukua.

Ijumaa njiani hakufungua simu yake hata mara moja. Tuliingia Tinzakht watu wametoka kusali, wamekula kuskusi yao, vyombo vimeshaoshwa. Mama alikuwa uani akimwaga maji ya vyombo kwenye shina la mkomamanga. Alipoinua kichwa na kumwona Profesa amesimama mlangoni, bila taarifa, bila chochote jikoni, alijifunika uso kwa ushungi akaingia ndani. Nimemwona mama yangu akizika mume na wifi. Sikuwahi kumwona akikimbia.

Profesa hakupumzika. Aliagiza pampu zifungwe, akangoja saa moja kwenye jua, kisha akateremsha utepe kwenye visima vyote kumi na viwili kwa mkono wake, akizungusha gurudumu mpaka vidole vikawa vyekundu. Vitatu havikulia. Alivirudia vile vitatu mara mbili mbili, na kila utepe ulipopanda na matope alikuwa anautazama upande huu na upande ule, kama mimi na nyama. Wakulima walikuwa wamekusanyika nyuma yake na nguo zao za shambani. Aliwageukia akawauliza: nikija, huwa mnafunga pampu siku ngapi? Hakuna aliyejibu. Ami Basu alikuwa anaangalia mbingu. Nikaona hapa tumekwama. Wale watu wangeweza kukaa kimya hivyo mpaka Jumatatu ikapita.

Mama alikuja akipita katikati yao, ushungi umerudishwa nyuma, uso wazi.

"Jibuni," akasema. "Mgeni ameshaona."

Wakajibu. Mwaka hadi mwaka, wakirekebishana: mwaka wa harusi ya fulani ilikuwa siku moja, mwaka wa nzige siku mbili, mwaka ule Basu alipoweka sola ya pili siku tatu. Profesa aliandika safu ya siku pembeni mwa safu ya mita. Zilipanda pamoja, ngazi kwa ngazi. Alipomaliza alikaa kwenye ukingo wa hodhi, peni imemkauka mkononi.

"Lalla Ghizlan," mama akamwambia, kama tunavyomwita bibi wa heshima, "tumekuharibia."

"Mmenifungia pampu siku nne kwa heshima yangu," Profesa akasema. "Mimi nimekula kuku wako miaka kumi na moja, sikuwahi kukuuliza siku ya kawaida unateka maji kwa kamba ya urefu gani."

Barua aliiandika pale pale, kwenye meza ya mama, jua bado liko juu. Ilikuwa fupi. Nilichoandika kuhusu maji ya Tinzakht si sahihi, ilisema, maji yanashuka, vibali msivitie saini. Akaipiga picha, akaituma ofisi ya maji na nakala kwa jarida. Kisha akanirudishia simu yangu.

Jumatatu hawakutia saini. Waliahirisha, wakaahirisha tena, na sasa vibali viko kwenye kabati ambalo hakuna anayekumbuka funguo. Jarida lilichukua miezi saba kuifuta makala. Profesa aliondolewa kwenye uongozi wa kituo alichokianzisha, na tuzo ya kioo niliirudisha kwa posta mimi, ndani ya boksi la viatu. Lakini kinachonishangaza ni kile cha kila asubuhi. Bado anafungua simu, na ile makala iliyokufa bado watu wanainukuu. Imeshapita elfu mbili na mia tano. Lile tangazo la kuifuta limenukuliwa mara nne, mbili kati ya hizo ni yeye mwenyewe. Ananitajia zote mbili, hii na ile, na siku hizi simshuku.

Tinzakht wako wasionisamehe. Ami Basu akiniona ananiita mpelelezi, na wale sita wengine waliokosa vibali wananijibu salamu kwa kidevu. Wakulima hata hivyo wamekubali tuanze upya, mwaka wa kwanza, kisima namba moja. Chuo hakitoi gari tena, tunakwenda na langu.

Oktoba ilipokaribia, mkono ulienda kwenye simu wenyewe, kwa mazoea. Mama alipokea. Nikamsalimia, nikamuuliza hali ya mitende, akasema kumi imekauka, mingine ipo. Nikamwambia Profesa na mimi tunakuja kupima.

"Usiniambie siku," akasema.

Huyu ndiye mwanamke aliyenichapa nikiwa na miaka saba kwa kuingia nyumba ya jirani wakati wa chakula. Nilimsikia akivuta pumzi, nikajua analia na hataki nijue.

"Na mkate mje nao," akasema, "maana hamtakuta kitu."